Nichukue fowili, au nibaki na Probox yangu nibadilishe tairi?

Shikamoo Mzee wa Spana,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga mjini. Kazi yangu ni viungo. Kila Jumatano alfajiri natoka na Probox yangu, napita Pongwe, Muheza, Kisiwani, napanda Amani na kuendelea mpaka vijiji vya ng'ambo, nako nanunua iliki, mdalasini na pilipili manga kwa wakulima. Mzigo mwingine nauza Ngamiani, mwingine naupandisha basi kwenda Dar. Kiangazi gari hiyo sina neno nayo, haili mafuta na spea zake ziko kila duka. Kinachoniliza ni masika.

Aprili iliyopita nilikuwa napanda kale kamlima kabla ya kufika Amani, nina magunia matano nyuma, mvua imenyesha usiku kucha. Katikati ya kona tairi za mbele zikaanza kuzunguka bure. Injini inalia, gari haiendi. Mara nikaona miti inasogea mbele, kumbe mimi ndiye narudi nyuma. Nikakanyaga breki mpaka mwisho, nikavuta na handibreki, bado gari inateleza taratibu kama sahani juu ya meza yenye mafuta. Ikaenda ikajiegemeza kwenye ukingo wa udongo upande wa juu. Upande wa pili ni korongo. Vijana wa mashamba ya chai wakanisukuma, nikawalipa, nikafika nyumbani Isha imeshasaliwa na viatu nimevishika mkononi.

Tangu siku hiyo nyumbani hakuna mazungumzo mengine. Mume wangu anasema Probox ni gari ya kusambazia mkate, niiuze, nichukue mgao wangu wa kikoba, niongezee ninunue fowili, gari inayovuta kwa miguu yote minne. Shemeji yangu ameshapata dalali mwenye Nissan X-Trail iliyoshuka kutoka Japani karibuni. Dalali anasema gari hiyo imetoka sehemu ya theluji, tairi zake ni za theluji, "kwa hiyo mama, tope kwako ni mswaki."

Nikampigia mdogo wangu wa kiume aliyeko Montreal, Kanada. Huu ni mwaka wake wa sita huko, anaendesha gari kwenye barafu. Akanirekodia sauti ya dakika nne. Kwa kifupi alisema: "Dada, usidanganyike na fowili. Huku tunaowaona mtaroni kila theluji ikianguka ni hao hao wenye fowili. Kitu ni tairi ya theluji. Gari ndogo yenye tairi ya theluji inaishinda fowili yenye tairi ya kawaida."

Nikamrudia dalali. Akacheka, akaniambia kama ni tairi tu anayo seti ya mtumba kutoka Japani saizi ya Probox, nne kwa bei ya kutupa. Nilikwenda kuziangalia na nikanakili yaliyoandikwa: STUDLESS, halafu M+S, na mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna namba 4114. Mpira wake ni laini, ukibonyeza kwa kidole unaingia. Ndani ya mifereji kuna vijitofali vya mpira ambavyo vimelingana na uso wa tairi. Meno yana vijimkato vingi kama yamechanjwa kwa wembe.

Pesa yangu inatosha jambo moja tu. Ninunue X-Trail na deni juu, au nichukue hizo tairi za theluji nibaki na Probox? Na mume wangu nimwambie nini, maana ameshatangaza fowili mpaka kwa mawifi?

Mama Iliki, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikupe pole ya ule mlima. Sisi watu wa Tanga tumezoea kuwaambia wageni "waja leo, kuondoka majaaliwa." Kwenye ule utelezi hata wenyeji tunaambiwa hivyo hivyo.

Mdogo wako kasema kweli, na dalali kauchukua ukweli huo huo akautia mfukoni mwake. Nikueleze ulipopindia.

Chukua baiskeli, maana mji wetu ni wa baiskeli na kila mtu atanielewa. Baiskeli inavutwa na mguu mmoja tu, wa nyuma. Kijana mwenye tairi yenye meno anapanda nayo njia ya tope akiwa na ndoo mbili za samaki. Mvishe tairi kipara, baiskeli ile ile, mapaja yale yale, anashuka anakokota. Nguvu hazijapungua. Kilichopungua ni kushika. Gari nayo ni hivyo. Fowili inagawa nguvu ya injini kwenye miguu minne badala ya miwili, ikusaidie kuondoka na kupanda. Kushika ardhi ni kazi ya tairi, na kila tairi inagusa ardhi kwa eneo lisilozidi sana kiganja chako.

Sasa sikiliza lile ambalo wenye fowili wengi hawalitaki. Ukikanyaga breki, kila gari ni "fowili". Probox yako ina breki kwenye miguu yote minne, na X-Trail ya dalali vile vile. Kwenye kusimama hakuna aliyekuzidi, tena yule ana gari nzito zaidi ya kusimamisha. Kwenye kukata kona pia fowili haina la kukuongezea la maana. Ndiyo maana mdogo wako anawaona mtaroni: wameondoka kwenye taa kwa mbwembwe, gari imewapa moyo, halafu imefika kona.

Mwenyewe nimeshaonja. Zamani nilikuwa na pikapu fowili, yenye gia kubwa na gia ndogo, najiona mwanamume. Nikawa nateremka kutoka upande wa Bulwa baada ya mvua, tairi za nyuma zimeisha, nikasema hii ni fowili bwana. Nilipanda vizuri sana asubuhi ile. Kushuka ndiko kulikonifundisha adabu. Mkia wa gari ulinipita kwa ubavuni, nikajikuta natazama nilikotoka, bampa imekaa kwenye majani ya chai. Fowili ilikuwa imewashwa muda wote.

Kule Quebec, jimbo anakoishi mdogo wako, ni sheria: kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi gari ndogo lazima ivae tairi za majira ya baridi. Na sheria haikusema "isipokuwa wenye fowili." Nao wanavaa. Kwa hiyo kwa swali la theluji, jibu la mdogo wako halina kasoro: tairi kwanza, fowili baadaye kama pesa ipo.

Lakini tairi ya theluji imetengenezwa kwa ajili ya baridi, mwanangu, na wewe unapita Pongwe saa saba mchana. Mpira wa tairi ya kawaida ukishuka chini ya nyuzi kama 7 za Selsiasi unaanza kukakamaa kama ndala iliyolala nje kwenye umande. Tairi ya theluji imepikwa kwa mpira unaobaki laini kwenye baridi hiyo. Ile mikato ya wembe uliyoiona ni ya kung'ata theluji na barafu, kila ukingo mdogo unashika kidogo. Wajapani waliiendeleza sana baada ya nchi yao kupitisha sheria mwaka 1990 ya kuzuia tairi zenye misumari ya chuma, kwa sababu misumari ilikuwa inakwangua lami na vumbi lake linaingia watu vifuani. Ndiyo maana imeandikwa STUDLESS, yaani haina misumari. Kitu cha akili kabisa, kwao.

Huku kwetu ulaini ule ule unageuka ugonjwa. Lami ya Tanga mwezi wa pili unaweza kuikaangia yai. Mpira laini juu yake unalika kama sabuni, gari inayumba kwenye kona, na mvua ikinyesha kwenye lami ya moto breki zinachelewa kukamata. Huko juu nako, ule udongo mwekundu wa Usambara hauna tabia ya theluji. Ni mfinyanzi. Unaingia kwenye ile mikato ya wembe, unajaa, unakaa. Baada ya mizunguko michache tairi nzima imepakwa, laini kama kisigino cha bibi harusi. Tairi ya tope inataka meno makubwa yenye nafasi pana katikati, ili ikizunguka iuteme udongo. Theluji na tope vyote vinatelezesha, ila kila kimoja kina dawa yake.

Halafu hizo alizokuonyesha dalali. Hata Montreal wasingezipokea. Namba 4114 maana yake wiki ya 41 ya mwaka 2014, yaani zilitoka kiwandani Oktoba 2014. Zina zaidi ya miaka kumi. Vile vijitofali ndani ya mifereji ni alama waliyoiweka Wajapani: vikilingana na uso wa tairi, basi tairi imelika nusu, na kwa kazi ya theluji imeshastaafu. Anayezivua kule anazivua kwa sababu hiyo, ndipo zinapanda meli kuja kwetu. Na hiyo M+S isikutie tamaa ingawa inasimamia tope na theluji. Ni tamko la kiwanda mwenyewe kuhusu umbo la meno. Tairi isiyo na misumari inayokubalika Quebec ina picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, nayo haipewi bila kujaribiwa kwenye theluji. Wewe hukuniandikia kwamba umeiona.

X-Trail sasa. Si gari mbaya, wala simtukani mtu. Iko juu kidogo kuliko Probox, na hilo kwenye makorongo ya tairi za malori ni faida kubwa, pengine kubwa kuliko fowili yenyewe, maana gari ikishalala tumbo, miguu minne inazunguka hewani kama miwili. Lakini haina gia ndogo ya kushukia kama ile pikapu yangu. Ina kitufe cha LOCK cha kukutoa mahali pabaya kwa mwendo mdogo. Na ukinunua fowili umenunua propela shafti, difu ya nyuma, na tairi nne ambazo lazima zilingane. Ukipasua moja ukaweka yoyote uliyoipata Muheza, mpya na zilizolika pamoja, yale makorokoro ya katikati yanavutana mpaka yanakufa. Mafuta itakula zaidi, na wewe faida yako inahesabiwa kwa kilo ya iliki.

Tena dalali mwenyewe kakupa siri bila kujua. Gari iliyotoka sehemu ya theluji imetembea juu ya chumvi, maana wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Kwa hiyo siku ukinunua gari ya namna hiyo, usianze na rangi wala redio. Mwambie fundi aipandishe, ashike tochi na bisibisi, agonge chasisi, mabomba ya breki na viungo vya chini. Ukiona kutu inadondoka kama maganda ya karanga, aga.

Basi ushauri wangu: baki na Probox, fedha itangulie kwenye tairi nne mpya, lakini siyo za theluji. Tafuta zenye meno ya vitofali na mifereji mipana, zile za njia mchanganyiko zinazoandikwa A/T. Ukikosa saizi yako chukua za pikapu ndogo za mzigo, zenye C au 6PR, maana wewe unabeba magunia, si abiria wa harusi. Saizi soma kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, usikubali kuongezewa "kidogo tu", itakwangua matao ya bodi ukikata kona na mzigo. Zote nne ziwe aina moja. Najua utashawishika kununua mbili za mbele kwa sababu ndizo zinazovuta. Ukifanya hivyo utapanda vizuri na kushuka kama mimi siku ile ya chai. Na kabla hujalipa, soma zile namba nne za mwisho. Sasa unajua kuzisoma kuliko muuzaji.

Nisikufiche, tairi nzuri hazitamaliza kila kitu. Amani inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kuna siku za Aprili ambazo ile njia si ya gari ndogo, iwe na tairi gani. Siku hizo acha Probox Muheza, upande gari za wenyewe wanaokwenda kila siku, au uwape wakulima nyongeza kidogo wakushushie mzigo. Nyongeza hiyo haifiki gharama ya korongo.

Lakini kisa chako chenyewe, nikikisoma tena, nakiona zaidi kwenye mzigo. Probox inavuta kwa mbele. Umeweka magunia matano nyuma kabisa, halafu umeinyanyua pua kuelekea mlimani. Uzito wote umekimbilia nyuma, tairi za mbele zimebaki zinapapasa. Kwa gari inayovuta mbele, huko ni kujinyima mwenyewe. Sukuma magunia yaegemee migongo ya viti vya mbele, na moja likae miguuni kwa abiria. Ukipanda weka gia kwenye 2, kanyaga mafuta kama unakanyaga yai, na usisimame katikati ya mlima hata ukiona ndugu yako. Ikianza kuzunguka bure, punguza mafuta. Sisi tunaongeza, ndipo inapojichimbia.

Na ikirudi nyuma kama ile siku, breki ya mpaka mwisho inafunga tairi, na tairi iliyofungwa haisikii usukani. Achia kidogo, bana, achia, ili uweze kuielekeza kwenye ukingo wa juu. Ulifika pale kwa bahati, safari nyingine ufike kwa kukusudia. Kushuka, weka gia kwenye L, ile ya chini kabisa, tangu juu kabisa, kabla mteremko haujaanza.

Beba jembe dogo, kamba nene na magunia tupu manne. Magunia unayo, bure. Tairi ikizunguka tandika gunia mbele yake, likanyagwe, uende. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya chini, si kwenye bampa. Chenji ikibaki, fundi akufungie bamba la chuma la kukinga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, maana mawe ya Kisiwani hayana huruma. Habari ya kupunguza upepo wa tairi utaisikia kwa wengi. Ukiwa na mzigo usiifanye, na ukiwa mtupu usiifanye kama huna pampu, maana kutoka Muheza mpaka mjini kwa tairi iliyolegea juu ya lami ya moto ni kuomba kupasua.

Baba watoto nakuachia wewe, unamjua kuliko mimi. Ila usimwambie "Mzee wa Spana kakataa fowili," utakuwa umeleta mwanamume wa tatu kwenye ugomvi wenye wanaume wawili. Mwambie fowili inakuja, inaanza na tairi. Halafu Jumatano moja ya mvua mchukue, akae kiti cha mbele na gunia miguuni. Atakuwa uzito mzuri wa pua, na mkishuka salama mawifi atawasimulia yeye mwenyewe. Mgao wa kikoba usipoingia kwenye deni, baada ya misimu miwili ya iliki mnaweza kurudi kwa dalali mkiwa na fedha taslimu, na tochi, na bisibisi.

Zile tairi zake usinunue hata kwa bei ya kutupa. Akikupa bure, chukua moja. Mpira laini hauchubui mapaja, na watoto watatu wanatosha kugombania bembea.

Mzee wa Spana